Herufi Ꭰ ndani ya kompyuta: namba yake, baiti zake na mahali inapopotea

Ndugu waandaaji programu, wakutubi, walimu wa lugha, mabibi na mabwana.

Mada niliyopewa ni usimbaji wa herufi, yaani jinsi kompyuta inavyoigeuza herufi kuwa namba na baiti. Sitapita juu juu kwenye maandishi yote ya dunia. Nitachukua herufi moja na kuifuata kutoka kwenye karatasi hadi kwenye diski, na njiani tutaona inapotea wapi na kwa sababu gani. Herufi yenyewe ni hii: Ꭰ.

Ukiitupia jicho utasema ni D, kumbe ni silabi «a» ya Kicherokee, lugha ya wenyeji wa Marekani ambao ardhi yao ilikuwa kusini-mashariki ya nchi ile. Wengi wao walihamishwa kwa nguvu mwaka 1838 na 1839, na leo makazi yao makubwa yako Oklahoma. Wengine walibaki North Carolina. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili mnipime nayo. Herufi kupewa namba yake kimataifa ni mwanzo tu wa kazi. Kazi inayobaki ni yetu sisi tunaoandika programu, na tunaiharibu kwa sababu tumezoea kudhani kila maandishi yana tabia za alfabeti ya Kilatini. Kiswahili hakitusaidii kuligundua hilo, maana tahajia yake nzima inatoshea ndani ya herufi za ASCII, usimbaji wa msingi wa herufi za Kiingereza. Programu inaweza kufanya kazi hapa kwetu miaka kumi bila kosa lake kuonekana, hadi siku itakapokutana na Ꭰ.

Kwanza tujue tunashika nini. Mfumo huu ulibuniwa na Sequoyah, Mcherokee aliyekuwa mfua fedha na ambaye hakuwa anajua kusoma Kiingereza. Aliukamilisha karibu mwaka 1821, na mwaka 1825 taifa la Wacherokee likaukubali rasmi. Kila alama inasimamia silabi. Aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu hahitaji maelezo marefu: pale ambapo mtoto wetu anaandika «ga» kwa herufi mbili, Mcherokee anaandika Ꭶ, basi. Irabu ziko sita: a, e, i, o, u, na ya sita ni ya puani, ambayo kwa Kilatini huandikwa v. Alama moja tu ndiyo konsonanti isiyo na irabu, nayo ni Ꮝ, yaani s. Alama zilikuwa 86. Moja, ya silabi «mv», ikaachwa, zikabaki 85 zinazotumika.

Herufi za chapa zilisubuliwa Boston kwa juhudi za mmisionari Samuel Worcester, na tarehe 21 Februari 1828 gazeti la Cherokee Phoenix likatoka kwa mara ya kwanza huko New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza, mhariri akiwa Elias Boudinot. Jambo hili linatuhusu kwa sababu mbili. Maumbo ya chapa yalitofautiana sana na mwandiko wa Sequoyah mwenyewe, na jedwali linaloonekana leo kila mahali, lenye safu za a, e, i, o, u, v, ni mpangilio wa Worcester. Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ilifuata jedwali hilo. Kwa hiyo mnapopanga orodha kwa kufuata namba za herufi, mnapanga kwa utaratibu wa Worcester, na mtu mwenye orodha ya Sequoyah mkononi ataona maneno yamekaa ovyo.

Kabla ya Unicode watu walitumia ujanja wa fonti. Unatengeneza fonti ambayo kwenye nafasi za herufi za Kilatini zimechorwa silabi za Kicherokee. Kwenye skrini unaona Kicherokee, lakini ndani ya faili kumehifadhiwa herufi za Kilatini, tarakimu na alama za uandishi. Ukimtumia mtu asiye na fonti ile, anapata mchanganyiko usiosomeka. Na kila fonti ilikuwa na mpangilio wake.

Nalitaja hili kwa sababu nyaraka za aina hiyo bado zipo kwenye makabati ya kidijitali, na wakutubi hukabidhiwa wazibadilishe. Utaratibu wake ni huu. Usianze kwa kuhifadhi waraka kama maandishi matupu, kwa sababu jina la fonti litafutika, na jina la fonti ndilo ushahidi pekee wa kipande kipi ni Kicherokee na kipi ni Kiingereza. Fungua waraka katika umbo lake la asili, pitia kipande kimoja kimoja kwa fonti yake, tengeneza jedwali la ubadilishaji kwa kila fonti peke yake, kisha badilisha vile tu vilivyoandikwa kwa fonti hiyo. Vilivyobaki viache. Ukimaliza, hesabu alama kabla na baada: alama moja ya zamani lazima itoe herufi moja mpya, na nafasi tupu zisiongezeke wala kupungua. Kisha mpe msomaji wa Kicherokee aisome. Jedwali lenye kosa la mstari mmoja hutoa waraka unaopendeza machoni huku kila «ge» imekuwa «gi».

Septemba 1999 toleo la 3.0 la Unicode likatoka likiwa na Kicherokee. Kilipewa eneo lenye nafasi 96, kuanzia U+13A0 hadi U+13FF (U+ hutangulia namba ya Unicode, iliyoandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita), na herufi 85 zikajaza U+13A0 hadi U+13F4. Ꭰ ikawa ya kwanza: U+13A0, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 5024. Namba hiyo na jina lake rasmi havitabadilishwa kamwe. Mwandiko wa Sequoyah na chapa ya Worcester vinashiriki namba moja, na tofauti ya umbo ni kazi ya fonti. Sequoyah alibuni pia alama za tarakimu, lakini taifa halikuzikubali, na Unicode haikuzisajili. Wacherokee huandika 1, 2, 3 kama sisi, na nukta na mkato wao ni wa Kilatini. Msongo wa sauti hauandikwi. Hapo hakuna kazi ya ziada.

Sasa chukueni kalamu. Namba 13A0 ikiandikwa kwa sifuri na moja ni 0001 0011 1010 0000. UTF-8, njia ya kuziandika namba za Unicode kwa baiti, inaikata vipande vitatu: biti 4, biti 6 na biti 6, yaani 0001, 001110 na 100000. Mbele ya kipande cha kwanza inaweka 1110, na mbele ya kila kimoja cha viwili vilivyobaki inaweka 10. Tunapata 11100001, 10001110, 10100000. Kwa heksadesimali: E1 8E A0. Baiti tatu. Kila herufi ya Kicherokee ni baiti tatu, iwe kubwa au ndogo, hivyo neno ᏣᎳᎩ, yaani Tsalagi, jina la lugha yenyewe, ni herufi tatu na baiti tisa: E1 8F A3, E1 8E B3, E1 8E A9.

Naomba mkae na baiti hizo kidogo, kwa sababu uharibifu mwingi unaanzia hapo. Programu ikizisoma baiti za UTF-8 kana kwamba ni Windows-1252, usimbaji wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi, E1 inakuwa á, 8E inakuwa Ž, na A0 inakuwa nafasi isiyokatika, ambayo jicho halioni. Kwa hiyo Ꭰ inageuka kuwa «áŽ» ikifuatwa na kitu kisichoonekana. Mpaka hapo data haijapotea. Ukirudisha njia uliyokuja nayo unaipata herufi yako. Tatizo ni lile zoea la kufuta nafasi mwishoni mwa kila sehemu ya fomu. Kazi ya strip() ya Python na trim() ya JavaScript huhesabu nafasi isiyokatika kuwa ni nafasi tu, huiondoa, na unabaki na E1 8E: theluthi mbili za herufi. Hiyo hairudi tena. Ꭰ ikiwa mwishoni mwa neno inapotea, huku Ꭱ na Ꭲ, majirani zake wa karibu kabisa, zinapona. Mtu anayechunguza hitilafu anaona herufi moja tu inatoweka, na anaanza kuishuku fonti bure.

Kuna kundi jingine lenye hatari kubwa zaidi. Herufi 32 za mwanzo, U+13A0 hadi U+13BF, zina 8E kwenye baiti ya pili. Zilizobaki katika eneo hilo zote zina 8F, na 8F ni moja kati ya nafasi tano ambazo Windows-1252 haikuzipa herufi yoyote. Programu kali itakataa na kutoa kosa, na hiyo ndiyo heri. Programu iliyoambiwa ipuuze makosa itaitupa baiti hiyo kimyakimya. Katika ᏣᎳᎩ, ya kwanza inakufa na mbili za nyuma zinaokoka. Mkiona maandishi ya Kicherokee ambayo nusu yake inaweza kurekebishwa na nusu nyingine haiwezi, angalieni mstari huo wa U+13C0. Chanzo chake kwa kawaida ni sehemu iliyosahaulika: ukurasa usiotangaza UTF-8, muunganisho wa hifadhidata ulioachwa kwenye latin1 (usimbaji wa zamani, ndugu wa Windows-1252), au faili la CSV lililofunguliwa kwa kubofya mara mbili kwenye Excel bila baiti tatu za utangulizi EF BB BF. Safu ya hifadhidata iliyo ya latin1 ni mbaya kupita zote, kwa sababu hifadhidata nyingi zikikuta herufi isiyo na nafasi humo huandika alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza haina kumbukumbu ya kilichokuwepo.

Urefu nao una mitego. Safu inayopimwa kwa baiti 30 inabeba silabi 10. Ukikata maandishi kwa baiti bila kujali mpaka wa herufi, mwishoni unapata ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza. Kwenye ujumbe mfupi wa simu, herufi moja ya Kicherokee ikiingia, ujumbe wote unahamia kwenye usimbaji wa biti 16, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukigawanywa, kila sehemu inabeba 67. Mfumo wenu ukituma ujumbe wa Kiswahili wenye jina moja la Kicherokee ndani yake, gharama inaweza kupanda maradufu au zaidi na mteja atauliza kwa nini.

Sasa tufike kwenye kiini.

Hadi mwaka 2014 Kicherokee kwenye Unicode hakikuwa na herufi kubwa wala ndogo. Kila alama ilikuwa herufi tu, kama ilivyo kwa Kiarabu. Lakini katika chapa za karne ya 19 na katika miswada, alama ya kwanza ya sentensi au ya jina la mtu mara nyingi ni kubwa kuliko nyingine, na waliotaka kuzichapa upya kwa uaminifu hawakuwa na njia. Michael Everson na Durbin Feeling, mwanaisimu wa Kicherokee ambaye mwenyewe alikuwa Mcherokee, wakawasilisha pendekezo, na Juni 2015 toleo la 8.0 likaongeza herufi ndogo 86 pamoja na ile «mv» iliyoachwa, Ᏽ, kwenye U+13F5. Themanini kati ya hizo ndogo ziliwekwa kwenye eneo jipya, U+AB70 hadi U+ABBF. Sita za mwisho zilirudishwa kwenye eneo la zamani, U+13F8 hadi U+13FD, kulikokuwa na nafasi.

Swali gumu lilikuwa hili: zile 85 za mwaka 1999 zihesabiwe kubwa au ndogo? Zilifanywa kubwa. Kigeorgia kilipofika njia panda hiyohiyo mwaka 2018, katika toleo la 11, kilichagua kinyume: herufi zilizokuwepo zikawa ndogo, mpya zikawa kubwa. Kwa Kicherokee, maana yake ni kwamba maandishi yote ya kawaida yaliyochapwa tangu 1999 yamekuwa, machoni pa kompyuta, maandishi ya herufi kubwa tupu. Naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu maumbo yale yana kimo cha herufi kubwa na fonti zote zilizokuwepo ziliyachora hivyo. Lakini gharama yake inalipwa na programu zetu.

Angalieni kinachotokea. Mfumo una kanuni ya kuzuia majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa zote, au unayarekebisha wenyewe kwa title(), kazi inayoacha herufi ya kwanza kubwa na kuzishusha nyingine. Unaliingiza ᏣᎳᎩ na unatoka na Ꮳꮃꭹ. Kwa mujibu wa kanuni za Unicode hilo ni jibu sahihi, lakini mwenye jina hakuliandika hivyo, na kwenye kompyuta yenye fonti ya kabla ya 2015 ataona herufi moja ikifuatwa na visanduku viwili vitupu. Hali ni hiyohiyo kwa text-transform: lowercase kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za tovuti. Ushauri wangu hauna masharti: msibadilishe ukubwa wa herufi za jina la mtu. Hifadhini alichoandika. Kama ni lazima kubadilisha, kwa mfano kwenye vichwa vya habari, angalieni kwanza neno ni la maandishi gani, na Kicherokee kikipita kiacheni kama kilivyo.

Ugumu zaidi uko kwenye kulinganisha maneno bila kujali kubwa na ndogo. Kuna kazi mbili ambazo wengi wetu huzitumia kama kitu kimoja. lower() inashusha herufi iwe ndogo. casefold() inakunja, yaani inafuta tofauti ya ukubwa ili maneno yaweze kulinganishwa. Kwa Kilatini zote mbili zinageuza D kuwa d, ndiyo maana hatuoni tofauti. Kwa Kicherokee, lower() inageuza Ꭰ kuwa ꭰ, lakini casefold() inaiacha Ꭰ ilivyo na kuipandisha ꭰ iwe Ꭰ. Kukunja kunaelekea juu. Sababu ni ahadi ya Unicode kwamba matokeo ya kukunja maandishi ya herufi zilizokwisha kusajiliwa hayatabadilika katika matoleo yajayo. Mwaka 1999 Ꭰ haikuwa na mwenzake, ikikunjwa ilibaki Ꭰ. Mwaka 2015 mwenzake alipokuja, Ꭰ haikuruhusiwa kusogea, basi ikabidi ndogo ndiyo imfuate kubwa. Bila ahadi hiyo, faharasa na nywila zilizokunjwa zamani zingeacha kulingana siku mtu anapoboresha mfumo wake.

Hitilafu inayozaliwa hapo naieleza polepole, maana inawachosha watu wazuri. Injini ya utafutaji inajenga faharasa kwa lower(). Neno ᏣᎳᎩ linahifadhiwa kama ꮳꮃꭹ. Baadaye mtu mwingine, mwenye nia njema, anaandika sehemu ya kupokea swali la mtumiaji na anatumia casefold(), kwa sababu amesoma kwamba ndiyo sahihi zaidi. Mtumiaji anaandika ᏣᎳᎩ, inabaki ᏣᎳᎩ, na kwenye faharasa hakuna kitu kama hicho. Matokeo: sifuri. Majaribio yote ya Kiswahili na Kiingereza yanapita. Dawa ni kutumia casefold() pande zote mbili, na kuijenga faharasa upya tangu mwanzo. Kubadilisha upande mmoja hakutoshi. Na kwenye majina ya tovuti mambo yanakwenda njia hiyohiyo: herufi ndogo ya Kicherokee hupandishwa kuwa kubwa kabla ya jina kusajiliwa, tofauti kabisa na Kilatini.

Wanaotumia hifadhidata ya MySQL waangalie mpangilio wa ulinganishi wa safu zao. utf8mb4_unicode_ci umejengwa juu ya kanuni za Unicode 4.0, na utf8mb4_unicode_520_ci juu ya 5.2. Yote miwili ni ya kabla ya 2015, haijui kabisa kwamba U+AB70 ni ndogo ya U+13A0, kwa hiyo itazihesabu kuwa ni herufi mbili zisizohusiana. utf8mb4_0900_ai_ci, uliokuja na MySQL 8.0, unatumia kanuni za 9.0 na unazijua. Kwa Python, kuanzia 3.5 mko salama.

Kuna wanaopenda kuandika ubadilishaji wao wenyewe kwa mkono, na kwa Kicherokee kishawishi ni kikubwa kwa sababu hesabu inaonekana nyepesi: AB70 ukitoa 13A0 ni 97D0, au 38864. Ongeza 38864 kwenye kubwa, unapata ndogo. Inafanya kazi kwa herufi 80. Inafika hadi Ꮿ, U+13EF, inatoa U+ABBF, sawa kabisa. Herufi inayofuata ni Ᏸ, U+13F0. Ongeza 38864 unapata U+ABC0, na hapo umeshatoka nje ya Kicherokee umeingia kwenye Meetei Mayek, maandishi ya Manipur nchini India. Zile sita za mwisho, Ᏸ hadi Ᏽ, zinaongezewa 8 tu. Zikisahaulika, kila neno lenye silabi ye, yi, yo, yu au yv linapata herufi ya Meetei Mayek katikati. Tumieni maktaba yenye majedwali ya Unicode yaliyo kamili, na ubadilishaji wa mkono msiuandike.

Fonti nitazipitia haraka. Mac ilikuwa na Kicherokee tangu Mac OS X 10.3 ya mwaka 2003, iPhone tangu iOS 4.1 ya 2010, na Windows 8 ya 2012 ilikuja na fonti ya Gadugi. Noto Sans Cherokee ni ya bure na ina herufi kubwa na ndogo. Kama mnatengeneza tovuti, ipakieni pamoja na ukurasa, na wekeni lang="chr" kwenye kipande cha Kicherokee. Msitegemee fonti ya akiba ya kifaa: fonti yenye kubwa tu hulazimisha ndogo zichukuliwe kwingine, na neno moja linaonekana limeshonwa kwa vitambaa viwili.

Kibodi inataka uangalifu zaidi. Kuna mpangilio ambao kila kitufe kinabeba silabi mbili, moja ya kawaida na nyingine ya Shift. Ni wa haraka kwa aliyeuzoea, ila Shift imeshatumika kwa silabi, hivyo herufi ndogo inahitaji ngazi ya tatu. Mpangilio mwingine ni wa sauti: unaandika «tsa» kwa Kilatini na programu inatoa Ꮳ. Mnaotaka kutengeneza wa namna hii, mitego iko kwenye s na n. Mtumiaji akibonyeza s, programu haijui kama anataka Ꮝ peke yake au anaelekea Ꮜ, Ꮞ, Ꮟ. Isubiri: irabu ikifuata, toa silabi, konsonanti ikifuata, toa Ꮝ na uanze upya, kwa hiyo «sga» inakuwa ᏍᎦ. Kwenye n kuna Ꮎ ya «na», Ꮏ ya «hna» na Ꮐ ya «nah». Mtu ameandika n, a, h. Je, ni Ꮐ, au ni Ꮎ na mwanzo wa Ꭽ? Programu iionyeshe Ꮎ kwa muda bila kuifunga. Irabu ikija baada ya h, igawe kuwa mbili. Nafasi au konsonanti ikija, ifanye Ꮐ. Na kitufe cha kufuta kifute silabi nzima ikishafungwa. Kabla ya hapo kifute sauti ya mwisho tu.

Linabaki suala la kufanana. Tazameni neno hili: ᎳᎬᎷᎪ. Kila mmoja wenu amesoma WEMA. Ni silabi nne za Kicherokee, la, gv, lu, go, na hazina herufi hata moja ya Kilatini. Zoezi la kukataa neno lenye maandishi mawili yaliyochanganywa halilinasi hili, kwa sababu halijachanganya chochote. Inabidi kulinganisha kiunzi: kila herufi inabadilishwa kuwa mfano wake kwa kutumia jedwali la Unicode la herufi zinazofanana, kisha viunzi vinalinganishwa na majina yaliyokwisha kusajiliwa. Unicode yenyewe imekiweka Kicherokee kwenye orodha ya maandishi yenye matumizi ya mipaka, na inashauri yasikubaliwe moja kwa moja kwenye vitambulisho kama majina ya akaunti. Nawasihi msiutumie ushauri huo kama kisingizio cha kukifungia Kicherokee nje ya mfumo mzima. Unahusu vitambulisho. Haukatazi mtu kuandika jina lake, barua yake au kichwa cha kitabu chake.

Kufanana kunaumiza upande wa pili pia. Mpiga chapa asiye na kibodi sahihi huweka D ya Kilatini mahali pa Ꭰ, au R mahali pa Ꭱ, na karatasi ikitoka kwenye printa hakuna anayeona kosa. Programu za kusoma picha za maandishi hufanya hivyohivyo zikipewa gazeti la zamani. Utafutaji hauwezi kulipata neno hilo. Hapa kukagua mchanganyiko ndiko kunakosaidia: pitia neno kwa neno, na lolote lenye Kicherokee na Kilatini pamoja liwekee alama, mtu alitazame.

Mwisho, majaribio. Herufi nne zinatosha kugundua mengi ya haya: Ꭰ, Ꮿ, Ᏸ na Ᏽ. Ya kwanza inaishia na baiti A0, ya pili ni ya mwisho kwenye zile themanini, ya tatu inaanza zile sita, ya nne ilikuja 2015. Ziingizeni kwenye fomu ya mfumo wenu kwa mpangilio Ꮿ, Ᏸ, Ᏽ, Ꭰ, ili Ꭰ iwe mwishoni ambako hukatwa. Hifadhini, toeni, hesabuni: baiti 12, za mwisho E1 8E A0. Zishusheni kwa lower() na mpate ꮿᏸᏽꭰ, ambazo namba zake ni ABBF, 13F8, 13FD na AB70. Zikunjeni kwa casefold() na zirudi zilivyokuwa. Kisha tafuteni kwa umbo dogo na muone kama rekodi ya umbo kubwa inapatikana. Mahali zoezi litakapokwama ndipo pa kuanzia kurekebisha. Maswali nayakaribisha.